Nina majina 11 ya vikoa, mawili yameletewa barua ya mawakili: niuze, nikabidhi au ninyamaze?

"Shikamoo mtaalamu. Niko Kirumba, Mwanza. Kwa miaka miwili nimekuwa nanunua majina ya vikoa, yaani anwani za tovuti, na kuyauza, na sasa ninayo 11. Mengi ni maneno ya kawaida yenye .com: dagaa, mabondo, majina ya mitaa ya huku kwetu. Lakini mawili yana jina la kampuni ya Ulaya inayotengeneza mashine za boti. Moja nimeliongezea 'tz', jingine 'spea'. Sijajenga tovuti, nimeyaegesha tu yaingize hela ya matangazo. Wiki iliyopita mawakili wao wameniandikia niyakabidhi ndani ya siku 10. Nikawajibu nitawauzia yote mawili kwa dola 1,500. Tangu hapo kimya. Je, wanaweza kunishtaki Ulaya? Nikienda BRELA nikasajili jina la biashara linalofanana nitakuwa salama? Na kuna jamaa ananiuzia .com ya herufi tano kwa dola 800. Anasema imesajiliwa tangu 2008, haiwezi kuwa na kesi. Ninunue?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali matatu, lakini lenye haraka kuliko yote hukuliuliza: lile jibu la dola 1,500 ulilokwisha kulituma utalifanyaje? Mpaka umalize kusoma hapa, usiwaandikie tena mawakili hao. Usimuuzie mtu mwingine yale majina mawili, usiyaandikishe kwa jina la shemeji, wala usiyahamishie kwa msajili mwingine, yaani kampuni nyingine inayoandikisha majina. Jina likikimbizwa baada ya onyo, kule kukimbizwa kwenyewe kunageuka ushahidi. Unachoweza kufanya leo bila kumuuliza mtu ni kuingia kwenye akaunti yako na kuyatoa kwenye maegesho ya matangazo, yabaki hayaelekezi popote. Picha za skrini wameshazipiga zamani, kwa hiyo hufichi kitu. Unachofanya ni kuacha kuongeza senti nyingine juu ya tatizo.

Sasa tuone mambo haya yanavyokwenda. Wengi huingia kwenye biashara hii wakiamini kwamba aliyewahi ndiye mwenye haki, maana msajili alipokea hela na jina akalitoa. Msajili hachunguzi alama za biashara za mtu yeyote. Mtambo wake unauliza swali moja tu: jina hili limechukuliwa au liko wazi? Ni kama fundi wa kuchonga mihuri pale mjini. Ukimwandikia maneno kwenye karatasi atakuchongea, ila kuchongewa muhuri hakukupi ruhusa ya kuugonga.

Halafu ulipobofya kukubali masharti, ulikubali pia kifungu ambacho karibu hakuna anayekisoma: kwamba mwenye alama ya biashara akilalamika, utafuata utaratibu unaoitwa UDRP. ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, iliupitisha mwaka 1999, nao unahusu .com, .net, .org na viishio vingine vya jumla. Ndiyo maana kampuni ya Ulaya haina haja ya kupanda ndege kukufuata Kirumba. Inapeleka malalamiko kwenye kituo kinachotambuliwa, mara nyingi kile cha WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, cha Geneva, na shauri linaendeshwa kwa barua pepe na maandishi matupu. Ada ya WIPO kwa jina 1 hadi 5 mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500, na anailipa mlalamikaji. Msajili wako analifunga jina lisihamishike. Unapewa siku 20 za kujibu, na ukiomba mapema unaongezewa 4. Mwamuzi akisharidhika anaamuru jina lihamishiwe kwa mlalamikaji au lifutwe. Hana uwezo wa kukutoza fidia wala kukufunga. Uamuzi ukitoka una siku 10 za kazi za kukimbilia mahakamani kuuzuia, la sivyo msajili anautekeleza.

Kwa hiyo, je, wanaweza kukushtaki? Wanaweza, lakini njia rahisi kwao ni hiyo niliyoeleza, na ndiyo wanayoianza. Mahakama zipo pia. Marekani ina sheria yake ya mwaka 1999 dhidi ya uviziaji wa majina, inayoruhusu fidia ya dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila jina. Na kwa kuwa rejesta ya .com inaendeshwa na kampuni iliyoko jimbo la Virginia, mwenye alama anaweza hata kulishtaki jina lenyewe kule bila wewe kuonekana. Hapa nyumbani kuna Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, kuna kosa la kujipitisha kwa jina la mwenzako, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inagusa uvunjaji wa haki za miliki ubunifu kwa kutumia kompyuta. Sikutishi. Kwa majina mawili yaliyoegeshwa tu, uwezekano mkubwa ni kuyapoteza na kubaki na uamuzi wenye jina lako uliochapishwa wazi mtandaoni, ambao kila wakili wa kesho atausoma.

Kwenye UDRP mlalamikaji anatakiwa athibitishe mambo matatu, na yote matatu. Ni mafiga, likikosekana moja, chungu hakikai.

Figa la kwanza ni kufanana. Wanaliweka jina lako kando ya alama yake, kiishio cha .com wanakipuuza, na wanatazama kama alama inatambulika ndani yake. Kuongeza "tz", "spea", "online" au "duka" hakukuokoi, na kukosea herufi moja makusudi ndiyo mbaya zaidi. Hapa pia kuna lile neno linalosemwa sana vijiweni: "Alama yao haijasajiliwa Tanzania." Ni kweli kwamba alama ya biashara ina mipaka ya nchi, hata Tanzania Bara na Zanzibar kila moja ina rejesta yake. Hoja hiyo ina uzito mbele ya jaji wa hapa. Kwa mwamuzi wa UDRP haina, kwa sababu figa la kwanza linasimama kwa usajili wa nchi yoyote duniani.

Figa la pili ni haki yako wewe kwenye jina. Hapa ndipo swali lako la BRELA, wakala wa usajili wa biashara, linapoingia, na jibu ni hapana. Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili tofauti, ingawa vyote unaviomba kwenye mfumo uleule wa mtandaoni wa BRELA, ORS, na watu wanavichanganya kila siku. Cheti cha jina la biashara kinaeleza nani yuko nyuma ya jina lile. Hakikupi umiliki wa neno dhidi ya mwenye alama. Alama ndiyo inayokupa haki ya kuwazuia wengine, tena kwa madaraja ya bidhaa na huduma uliyoyaombea tu kati ya yale 45 ya kimataifa, kwa miaka 7 ya mwanzo na kisha 10 kila unapohuisha. Cheti cha jina la biashara husaidia pale tu ulipokuwa unaendesha biashara ya kweli kwa jina hilo, wateja wakikujua nalo, kabla hujaletewa malalamiko. Ukienda kukichukua wiki hii, baada ya barua, tarehe yake ndiyo itakayokushtaki.

Ungekuwa unauza spea za mashine hizo kweli, mambo yangekuwa mengine. Mwaka 2001 mwamuzi wa WIPO aliamua shauri la okidataparts.com, jina lenye alama ya mtengeneza printa na neno la Kiingereza la vipuri, lakabaki kwa fundi aliyekuwa akiuza na kutengeneza vifaa hivyo. Masharti yaliyotoka pale yanatumika mpaka leo: bidhaa uwe unaziuza kweli, tovuti iuze za alama hiyo tu, isiwe chambo cha kumvutia mteja ukamuuzie za mpinzani, ieleze wazi kwamba wewe si kampuni yenyewe na uhusiano wenu ni upi, na usijikusanyie majina yote yanayoizunguka alama hiyo mpaka mwenyewe akose pa kukaa. Mwenye duka pale Kirumba, mwenye stoo, risiti za kuingizia mzigo na ukurasa unaosema "sisi ni wauzaji huru wa spea", ana la kujibu. Wewe una ukurasa wa matangazo. Na kufungua duka leo ili kuliokoa jina ni kama kile cheti cha BRELA: kimechelewa.

Figa la tatu ni nia mbaya, nayo lazima iwepo mara mbili, wakati wa kulichukua jina na katika kulitumia. Sera yenyewe inataja mifano, na wa kwanza ni kulichukua jina hasa kwa lengo la kumuuzia mwenye alama, au mshindani wake, kwa bei inayozidi gharama ulizotumia na unazoweza kuzithibitisha. Shauri la kwanza kabisa la UDRP, lililoamuliwa Januari 2000, lilikuwa hilohilo. Mtu alisajili worldwrestlingfederation.com, na siku tatu baadaye akawapa wenye alama bei ya dola 1,000. Akapoteza. Wewe gharama zako ni kiasi gani? Jina la .com ni kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka, kwa hiyo majina mawili kwa miaka miwili hayazidi 60. Umeomba 1,500. Nadhani hukuiokota hewani bei hiyo: ndiyo ada ileile ya kufungua shauri, na kuna wanaofundishana kwamba mpinzani akipiga hesabu ataona bora alipe. Kampuni yenye alama kubwa haipigi hesabu hiyo, maana akilipwa mmoja leo, kesho wanapiga hodi kumi.

Matangazo ya maegesho nayo yanaingia hapahapa. Utasema matangazo yanajipanga yenyewe, hukuchagua wewe. Waamuzi wameisikia hoja hiyo mara nyingi na wameikataa: jina ni lako na hela inaingia kwako, kwa hiyo kinachoonekana pale ni chako. Jina la mtengeneza mashine likiegeshwa, mtambo wa matangazo unasoma neno lile na kuleta mashine za washindani wake. Umemchukua mteja aliyekuwa anamtafuta yeye ukampeleka kwa mwingine, na umelipwa kwa kumpeleka.

Usitoke hapa ukidhani kuuza majina ni dhambi. Waamuzi wamekubali siku zote kwamba kununua na kuuza maneno ya kamusi ni biashara halali, na bei inaweza kuwa kubwa upendavyo. Kinachotazamwa ni thamani ya jina inatoka wapi. Inatoka kwenye maana ya neno, au kwenye jasho la mtu aliyelitangaza?

Kwa kipimo hicho, majina yako mengi ni mazuri. Mabondo ni mabondo. Vibofu hivyo vya samaki vinanunuliwa na kuuzwa kandokando ya ziwa lote, na asiyejua neno hilo ni mgeni. Mtu akitaka kuuza dagaa wa Mwanza nje ya nchi, jina lenye dagaa lina thamani hata kama hakuna kampuni yenye jina hilo. Jina la mtaa nalo peke yake si la mtu. Ila jina zuri unaweza kuliharibu kwa mikono yako mwenyewe. Chukulia una jina lenye neno "ziwa", na tuseme kuna mtu amesajili Ziwa kama alama ya mtindi. Ukiweka humo habari za boti, visiwa na safari za Ukerewe, unalitumia neno kwa maana yake na huna la kuogopa. Ukiegesha ukurasa wenye matangazo ya mtindi na maziwa ya pakiti, au ukamwandikia mwenye kiwanda "nina jina lako, unanipa ngapi", neno lilelile limegeuka. Ndiyo maana kwa majina ya kawaida nashauri ukurasa mtupu wenye maneno mawili, "Jina linauzwa", na anwani ya kukupata. Mnunuzi akufuate wewe. Ukitaka kutafuta wateja, peleka tangazo moja kwa wafanyabiashara wa aina hiyo wote, usimlenge yule mmoja mwenye jina linalofanana.

Angalia pia majina ya mtaa uliyoyaunganisha na neno jingine. Mtaa peke yake ni mtaa. Mtaa na "hospitali", "saccos" au "sekondari" mara nyingi huwa taasisi moja inayojulikana na watu wote wa pale. Hata kama haina karatasi ya alama, jina iliyolitumia kwa muda mrefu mpaka likafahamika linaweza kuipa haki. Ukikuta unalo jina la aina hiyo, liache lifikie mwisho wake usilihuishe. Na majina ya .co.tz na ndugu zake hayafuati moja kwa moja hayo niliyoeleza. Yako chini ya kanuni za nchi zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na migogoro yake ina sera yake. Ukitaka kuanza kuyanunua hayo, soma sera hiyo kwanza.

Sasa tuje kwa jamaa wa herufi tano. Anaposema jina la 2008 haliwezi kuwa na kesi, pengine anasema kweli kuhusu yeye. Ikiwa alilisajili 2008 na kampuni ikazaliwa 2015, hakuweza kumlenga mtu ambaye hakuwepo, na kulilipia upya kila mwaka hakuhesabiwi kuwa usajili mpya. Lakini jina likibadilisha mwenyewe, saa inaanza upya. Kwenye UDRP nia yako inapimwa kwa siku wewe ulipolipata, siyo siku jina lilipozaliwa. Ukinunua leo unaulizwa: leo, wakati kampuni ile ipo na inajulikana, ulilitaka la nini? Ulinzi wa muuzaji unabaki kwa muuzaji, hauhami pamoja na jina. Hili ndilo linalowagharimu wanunuzi kuliko jingine lolote, kwa sababu umri wa jina ndio muuzaji anaoutangaza kwanza.

Kabla ya kutoa dola 800, tenga jioni moja. Weka zile herufi tano kwenye hifadhidata ya alama ya WIPO, inayotafutika bure, kisha TMview ya Ulaya, rejesta ya Marekani, na utafutaji wa BRELA. Usiishie kwenye daraja la bidhaa unayoifikiria, tazama madaraja yote. Tafuta pia kwenye maamuzi ya UDRP yaliyochapishwa kama jina hilo au linalofanana nalo limewahi kugombewa. Ingia kwenye kumbukumbu za tovuti za zamani uone miaka iliyopita palikuwa na nini. Ukikuta duka bandia la viatu au ukurasa wa kuiba nywila, ondoka. Halafu soma matokeo kwa akili. Herufi tano zinazotumiwa na kampuni ishirini katika nchi tofauti, kila moja kwa kifupisho chake, zina thamani kwa sababu ya ufupi, na waamuzi wanalielewa hilo. Herufi tano ambazo ni neno la kutunga la kampuni moja, halina maana nyingine kwa lugha yoyote, usilichukue hata ukipewa bure.

Likipita hapo, hakikisha muuzaji ndiye mwenyewe, maana vikoa huibwa kama pikipiki. Tazama taarifa za usajili kwa RDAP, huduma ya kutazama rekodi za majina iliyochukua nafasi ya WHOIS: tarehe ya kuundwa, msajili, na hali. Kufuli la kawaida la kuzuia uhamisho ni jambo jema. Ukikuta jina limesitishwa, au liko katika siku 30 za ukombozi baada ya kuisha muda, simama. Mwambie muuzaji aweke kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina inayoonekana na watu wote, rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) yenye neno utakalomtajia wewe, kwa mfano "kirumba47". Dakika chache baadaye unaiona, nawe umejua kwamba funguo anazo yeye. Kuwa na funguo bado si kuwa na nyumba, kwa hiyo omba na risiti za kulihuisha za miaka kadhaa. Hela ipitie kwa mtu wa kati wa kuaminika kama Escrow.com, si kwa simu moja kwa moja. Na kama umepanga kuligeuza haraka, kumbuka kwamba likihamia kwa msajili mpya kwa kawaida linafungwa siku 60.

Mkataba wa kurasa mbili unatosha, lakini uwe na sentensi ya muuzaji kwamba hajapata onyo wala dai lolote juu ya jina, na kwamba likitokea dai la kabla ya mauzo anarudisha hela. Siku hiyohiyo ya kununua, hifadhi picha za skrini za utafutaji wako na ujiandikie barua pepe ya mistari mitano: nimenunua jina hili kwa sababu hii, nimetafuta hapa na hapa, nimekuta hivi. Miaka mitatu baadaye mwamuzi akiuliza ulikuwa unafikiria nini, karatasi yenye tarehe ina nguvu kuliko kiapo.

Turudi kwa mawakili. Kwanza thibitisha barua ni ya kweli, kwa sababu matapeli nao huandika kwa lugha ya kiwakili. Usibofye kiambatanisho. Itafute ofisi hiyo mwenyewe, chukua anwani yao kwenye tovuti yao, uwaulize kama ni wao walioandika. Wakiwa ni wao, una njia nne. Kupigana: kwa majina haya mawili, kwa jinsi ulivyoyaeleza, utashindwa, hata ukiomba waamuzi watatu na kuchangia dola 2,000 za nusu ya ada. Kunyamaza: usipojibu mlalamikaji hashindi papo hapo, lakini mwamuzi anaruhusiwa kukisoma kimya chako anavyoona, na kwa majina haya utapata uamuzi uliochapishwa. Kuyaacha yaishe muda: ni polepole, msajili anaweza kuyashikilia wiki kadhaa, kisha siku 30 za ukombozi, kisha 5 za kufutwa, na wao hawatasubiri. Kuyakabidhi: ndiyo ninayokushauri, tena kabla shauri halijafunguliwa, kwa maandishi mafupi ya namna hii, kwa Kiingereza chepesi:

"Rejea barua yenu. Naondoa bei niliyoitaja awali. Niko tayari kumhamishia mteja wenu majina yote mawili bila kukiri kosa, kwa kurudishiwa gharama za usajili kama risiti zinavyoonyesha, mara mteja wenu atakapothibitisha kwa maandishi kwamba hana dai jingine kuhusu majina haya. Kwa sasa hayatumiki kwa matangazo."

Subiri uthibitisho wao wenye saini. Ukiupata, ndipo unaondoa kufuli, unachukua msimbo wa uhamisho kwenye akaunti yako na kuwatumia. Msimbo huo ndio ufunguo. Usiutume kama dalili ya nia njema wakati bado mnajadiliana. Wakikataa kurudisha hata zile dola 60, yakabidhi hivyo hivyo. Unachonunua hapo ni ile sentensi ya "hana dai jingine".

Siku mtu akikujia kwa jina la dagaa au mabondo, fanya kinyume. Jibu ndani ya siku 20, kwa utulivu, ukionyesha maana ya neno na tarehe uliyolipata. Kama alama yake imesajiliwa baada ya wewe kulichukua jina, liseme hilo sentensi ya kwanza. Mwamuzi akiona mlalamikaji alijua hana haki na akafungua shauri ili kukupora, anaweza kutamka hivyo kwenye uamuzi. Hutalipwa fidia, lakini aibu inakuwa yake.

Nenda kwa wakili ana kwa ana, siyo kwa simu, kama malalamiko yenyewe ya UDRP yameshafika, kama umeletewa hati ya mahakama, kama kuna jina la benki au la kampuni ya fedha kati ya hayo 11, au kama polisi wametajwa popote. Mwanza mawakili ni wengi na Mahakama Kuu ipo; uliza anayefanya miliki ubunifu, kwa sababu wakili wa viwanja anaweza asijue UDRP ni nini. Mpelekee orodha ya majina yote na tarehe ulizoyapata, risiti, barua ya mawakili pamoja na vichwa vyake kamili vya barua pepe, picha za kurasa za matangazo, na kiasi ulichoingiza. Na ile barua yako ya dola 1,500 ichape uiweke juu kabisa, usiiache nyumbani kwa aibu. Wenzake wa upande wa pili wanayo tayari.